Kuku Huyu Kachinjwa na Nani?

Kwetu Ngenge, wilayani Muleba, mkoa wa Kagera, hakuna anayeuliza kama nyama ni halali. Si kwamba hatujali. Tunajua. Mchinjaji tunamfahamu kwa jina, tunamfahamu baba yake, na tunajua anaswali msikiti upi. Akituchezea leo, kesho tutakutana naye gulioni. Hata Mlutheri akiozesha binti yake huita mzee wa Kiislamu aje achinje ng'ombe. Dini yake haimlazimishi. Anataka tu majirani zake wote wakae, wale na washibe. Mimi nimekulia katika nyumba ya namna hiyo: baba Muislamu, mama Mlutheri, sufuria moja.

Kwa hiyo mnielewe ninapokasirika.

Mwezi uliopita baba alikuja Dar kutibiwa macho. Siku ya kutoka hospitali nikasema leo nimfurahishe mzee. Nikampeleka kwenye mgahawa mmoja wa kampuni kubwa ya nje, ile ya kuku wa kukaanga, kiyoyozi na picha zinazong'aa ukutani. Jina naliweka kapuni. Kuku akaletwa. Baba akamtazama, akanitazama, akauliza kwa sauti ya chini: "Mwanangu, kuku huyu kachinjwa na nani?"

Nikaenda kaunta kuuliza. Dada wa watu akanishangaa kama nimeuliza bei ya ndege. "Kaka, hapa hatuuzi kitimoto. Kuleni tu." Nikamwambia sikuuliza kitimoto. Akanionyesha stika ya kijani mlangoni imeandikwa HALAL. Nani kaitoa? Hajui. Inaisha lini? Hajui. Kuku wanatoka machinjio gani? "Wanaletwa na gari." Nyuma yangu foleni ikaanza kuguna.

Baba alikula chipsi na soda. Hakulalamika. Kuku niliyemnunua kumfurahisha nilimfunga kwenye karatasi, nikampa mlinzi.

Sasa wapo watakaosema: wewe naye unakuza mambo, Bongo kila nyama ni halali. Ndugu yangu, hiyo "kila nyama" umeithibitishaje? Halali si kukosekana kwa nguruwe. Kuku anaweza kuwa kuku kweli na bado asiwe halali, maana suala ni namna alivyokufa: alikuwa hai, Muislamu akataja jina la Mwenyezi Mungu, kisu kikali kikapita shingoni, damu ikatoka. Mambo hayo huwezi kuyaona kwenye paja lililokaangwa. Ama ulikuwepo, ama unamwamini aliyekuwepo. Hakuna njia ya tatu.

Makampuni haya yanalijua hilo kuliko mimi na wewe. Nenda Malaysia, McDonald's ya huko ina cheti cha JAKIM, idara ya serikali inayoshughulikia mambo ya Kiislamu. Nenda Muscat, ndugu zetu wa huko wanaingia popote bila kuuliza. Panda ndege ushuke London, McDonald's ileile inasema wazi kwamba Uingereza haiuzi nyama ya halali. KFC ya Uingereza ilianza mwaka 2009 kuuza kuku wa halali katika baadhi ya matawi tu, kwa hiyo lazima ujue tawi lipi. Na hata ukilijua, Waislamu wa huko wenyewe hawajakubaliana: taasisi moja ya vyeti inaruhusu kuku apigwe shoti ya umeme kabla ya kisu mradi asife, nyingine haitaki kusikia shoti kabisa. Zote mbili zinaandika neno lilelile, halali.

Na yule anayejiambia "nitakula chipsi tu, nitakuwa salama", kama baba yangu siku ile? Marekani, McDonald's iliziacha chipsi zake zikiwa na kionjo cha ng'ombe huku wateja wakidhani ni viazi na mafuta ya mimea. Wahindu na watu wasiokula nyama wakaenda mahakamani mwaka 2001, na mwaka 2002 kampuni ikaomba radhi na kukubali kulipa dola milioni 10. Huko Dearborn, Michigan, mji uliojaa Waislamu, mgahawa mmoja wa McDonald's uliotangaza kuku wa halali ulishitakiwa mwaka 2011 kwa madai ya kuwauzia watu kuku asiye halali. Mwaka 2013 kesi ikamalizwa kwa dola 700,000 bila kampuni kukiri kosa. Halafu wakafanya nini? Wakaondoa kuku wa halali kwenye orodha ya vyakula. Sikiliza hesabu hiyo vizuri: kuliko kuwekeza katika ukweli, bora waache kabisa.

Msiniambie basi kwamba kazi ya kufuatilia ni ngumu. Januari 2022 KFC nchini Kenya iliishiwa chipsi. Nchi imejaa viazi, lakini wenyewe wakaeleza kwamba viazi vyao vinaagizwa nje, na mkulima wa huko hawezi kuwauzia mpaka apitie ukaguzi wao wa ubora. Wakenya wakachachamaa, na walikuwa na haki. Mimi nilibaki na swali langu. Sekta inayoweza kukwambia kila kiazi kimetoka wapi inashindwaje kuniambia kuku kachinjwa na nani? Hawashindwi. Hatujawauliza kwa nguvu.

Kuna wengine wataniita mdini. Hao ndio ninaotaka wakae wanisikilize, kwa sababu sisi watu wa Kagera hili tuliliona kwa karibu.

Februari 2013, Buseresere, wilaya ya Chato. Chato ni jirani zetu wa Muleba, na zamani eneo lile lilikuwa sehemu ya Biharamulo, mkoa wetu. Ugomvi ulikuwa huu huu: nani achinje. Baadhi ya Wakristo walifungua bucha la nyama waliyoichinja wenyewe, Waislamu wakapinga, vurugu zikazuka na mchungaji mmoja akauawa. Kwa ajili ya bucha! Msimamo wa serikali ulikuwa kwamba utaratibu wa siku zote uendelee, Waislamu wachinje. Utaratibu huo umeandikwa wapi? Ulikuwa wa mazoea. Na mazoea hudumu pale watu wanapofahamiana. Siku mchinjaji na mlaji wanapokuwa wageni kwa kila mmoja, mazoea hayamlindi yeyote.

Tena haki hii si ya Muislamu peke yake. Kuna Mkristo ambaye dhamiri yake haimruhusu kula nyama iliyosomewa dua ya dini nyingine. Namheshimu, naye anastahili kujua kabla hajaweka mdomoni. Ufaransa, kampuni ya Quick ilipogeuza migahawa 8 kuwa ya halali mwishoni mwa 2009, ikaondoa nyama ya nguruwe na kuweka ya bata mzinga, meya wa Roubaix alikuja juu mwaka uliofuata akisema wasio Waislamu wanabaguliwa. Unaweza kukubaliana naye au usikubaliane. Lakini angalau pale kila mtu alijua anabishania nini, maana kilikuwa kimetangazwa. Sisi hapa hatutangazi kitu, tunabandika stika na kuomba Mungu asitokee mtu wa kuuliza.

Na stika peke yake haitoshi. Mwezi uleule wa Februari 2013, Wizara ya Sheria ya Uingereza ilikiri kwamba chembechembe za nguruwe zimekutwa kwenye pai zilizoandikwa halali zilizopelekwa magerezani. Kama nchi yenye maabara zile inadanganywa, sisi na stika yetu ya kijani tunamdanganya nani?

Ninachodai si kikubwa. Cheti kining'inie ukutani, kikiwa na jina la taasisi iliyokitoa, iwe Bakwata au nyingine, na tarehe ya kuisha. Machinjio yatajwe. Ielezwe kama kuku anapigwa shoti au hapigwi, kila mtu aamue na imani yake. Mhudumu afundishwe kujibu badala ya kushangaa. Na serikali isijipe kazi ya kuamua kipi halali, hiyo si kazi yake. Kazi yake ni kumwadhibu anayeandika uongo kwenye chakula, kama inavyomwadhibu anayepunja kwenye mizani.

Na wewe kijana mwenzangu, uliyesoma, mwenye simu kali mkononi, unayepiga picha ya kuku kabla hujamla: uliza. Uliza hata foleni ikiguna. Mzee wa miaka sabini kutoka Ngenge aliuliza, na hajawahi kusoma sheria ya mlaji popote.

Baba alirudi nyumbani wiki ile ile. Jioni akanipigia simu, nikamuuliza wamekula nini. Akacheka. "Mama yako kachemsha kuku na ndizi." Nikamuuliza, kachinjwa na nani? Akanitajia jina.