Saa Moja Tu Angani

Shoga yangu, kutoka Dar hadi KIA ndege hutumia kama saa moja tu. Kwa basi mpaka kwetu Bomang'ombe ni zaidi ya kilomita 550, kutwa nzima. Mume wangu alikuwa Dar kikazi. Miezi minne hakuja: eti ndege ghali, basi linachosha. Nilimwelewa (mimi mwenyewe nikifika Korogwe tu kiuno kimekufa ganzi!), ila roho iliniuma. Juzi nikapanda basi la alfajiri kimya kimya, nimejiandaa kufumania. Jamani! Nikakuta chumba kitupu, friji na kitanda kauza. Kibarua kilishaota nyasi tangu Machi, akaona aibu kusema. Tumerudi wote. Majirani wananiuliza, mbona Desemba bado, kaja kufanya nini?