Aliyekausha Mfuko wa Pensheni Si Mke wa Pili

Kila kijiwe nchini Tanzania kina hadithi yake ya mwalimu mstaafu. Kalipwa kiinua mgongo mwezi wa tatu, wa nne kaoa mke wa pili mwenye umri wa bintiye, wa tano kanunua Noah chakavu aifanye daladala, na Krismasi imemkuta akiwaomba wanawe hela ya chumvi. Anayesimulia huwa hamjui mwalimu huyo hata kwa jina, lakini hitimisho analo tayari: ndiyo maana serikali ikaleta kikokotoo, kanuni iliyokata mkupuo anaolipwa mtu siku anastaafu, wangeachiwa hela zote wangekufa kwa presha. Wasikilizaji huitikia, na baadhi yao ni walimu.

Imani hii ni ya uongo, na ni uongo unaowafaa wakubwa. Mkupuo wa mwalimu haukukatwa kwa sababu anafuja. Ulikatwa kwa sababu mfuko ulikuwa taabani, na mfuko ulifika huko kwa kuwa mwajiri hakulipa alichopaswa kulipa. Hadithi ya mke wa pili inageuza deni la serikali kuwa aibu ya mstaafu, na mstaafu mwenyewe anaibeba aibu hiyo kimya.

Tuanze na hesabu, maana mjadala huu umejaa visa na una hesabu chache. Chukua mwalimu aliyetumikia miezi 360, yaani miaka 30, na mshahara unaotumika kumkokotolea ni shilingi 1,000,000 kwa mwezi. Kwa kanuni ya zamani ya PSPF, mfuko uliokuwa na walimu wengi, unachukua 360, unagawanya kwa 540, unazidisha kwa mshahara wa mwaka wa milioni 12. Jibu ni milioni 8. Nusu yake mara 15.5 ni mkupuo wa milioni 62. Nusu ya pili ukiigawa kwa miezi 12 unapata pensheni ya shilingi 333,000 kila mwezi.

Kanuni iliyoanza Julai 1, 2022 iligusa namba zote tatu kwa mpigo: 540 ikawa 580, 15.5 ikawa 12.5, na asilimia 50 ikawa 33. Mkupuo wa mwalimu wetu ukaporomoka hadi milioni 30.7, chini ya nusu ya ule wa zamani. Kelele zilipozidi, bajeti ya 2024/25 ikaipandisha 33 kuwa 40 kwa wale waliokuwa wakilipwa 50. Sasa atapata milioni 37.2, na pensheni ya shilingi 372,000 kwa mwezi.

Tuliambiwa fedha haijapotea, imehamia tu kwenye pensheni ya kila mwezi ili imtunze mzee. Basi tuifuate huko ilikohamia. Mkupuo umepungua kwa milioni 24.8. Pensheni ya mwezi imeongezeka kwa shilingi 39,000. Ili hizo 39,000 zifikishe milioni 24.8 zinahitajika miezi 633, karibu miaka 53. Mwalimu anayestaafu akiwa na miaka 60 atamaliza kurudishiwa chake akitimiza 113. Anayemtunzia mwenzake fedha humbadilishia siku za kupokea, hampunguzii kiasi. Hapa kiasi chenyewe ndicho kilichopungua.

Na hata tukikubali kwamba kila mwalimu ni mfujaji, hoja bado haisimami. Walimu wote wa nchi hii wangeoa siku moja, na walimu wanawake wakajiongezea waume, akaunti ya mfuko isingepungukiwa senti. Mkupuo ukishatoka umetoka. Mwenyewe aupeleke kwenye tofali au kwenye pombe, mfuko haupati wala haupotezi. Ufujaji wa mstaafu unaweza kuifilisi nyumba yake. Hauwezi kuufilisi mfuko.

Ni nini basi kilichoukausha? Kabla ya Julai 1999, mtumishi wa serikali hakukatwa mchango wa pensheni. Akistaafu, Hazina ilimlipa. Sheria ya 1999 ikaianzisha PSPF kama mfuko wa kuchangia, mtumishi asilimia 5 ya mshahara na mwajiri asilimia 15. Miaka ya utumishi iliyotangulia ilibaki kuwa deni la serikali: mfuko ulipe mafao yote, Hazina irejeshe sehemu yake. Sasa mtazame mwalimu aliyeajiriwa Julai 1980 akastaafu Julai 2010. Ana miaka 30 kazini. Mfuko umepokea michango ya miaka 11 tu. 19 ni ya Hazina. Mfuko ulimlipa ya miaka yote 30. Hazina ikawa inachelewa kurejesha, mwaka hadi mwaka, na anayetoka akalipwa kwa michango ya aliyebaki darasani na chaki mkononi.

Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zilililia deni hilo mara kwa mara. Zilitaja pia mikopo ambayo mifuko iliipa serikali kwa ajili ya miradi yake, ukiwemo ujenzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma, na marejesho yaliyosuasua. PSPF, LAPF, GEPF na PPF zilipounganishwa mwaka 2018 kuzaa PSSSF, tayari kulikuwa na wastaafu waliongoja mafao yao kwa miezi mingi. Baadaye serikali ikatoa hatifungani isiyo ya fedha taslimu yenye thamani ya shilingi trilioni 2.17 kupunguza deni la kabla ya 1999. Hatua hiyo ilistahili pongezi, lakini ni ungamo pia. Aliyelipa trilioni 2.17 alikuwa akidaiwa trilioni hizo wakati wananchi wanasimuliana habari za Noah chakavu.

Mfuatano wa matukio nao unasema mengi. Mifuko iliunganishwa Agosti 2018, na kabla ya mwaka huo kwisha kanuni mpya ikatangaza mkupuo wa asilimia 25 kwa wote. Wafanyakazi wakaja juu. Desemba 28, 2018 Rais John Magufuli aliisimamisha na kuagiza kanuni za zamani ziendelee hadi 2023. Hata muda huo haukufika, 2022 asilimia 33 ikaingia. Kama shida ilikuwa tabia ya wastaafu, mbona tabia hiyo ilistahimilika kwa miongo yote, ikaja kuwa janga mwaka ule ule vitabu vya mifuko vilipofunguliwa na kuunganishwa?

Tuje kwenye mshahara, maana huku ndiko pensheni inakozaliwa. Kati ya 2016 na 2021 watumishi wa umma hawakuona nyongeza ya jumla ya mishahara, na upandishaji wa madaraja ulisimama wakati wa uhakiki wa watumishi hewa. Wengi wanakumbuka miaka ile kama miaka ya kubana matumizi iliyopita. Kwa aliyestaafu ndani yake au muda mfupi baadaye, haijapita. Kila shilingi 100,000 ambayo mshahara wake wa mwezi ulipaswa kupanda na haukupanda inamkata mwalimu wetu wa miezi 360 shilingi milioni 3.7 kwenye mkupuo, na 37,000 kila mwezi mpaka siku anazikwa. Kusimamisha daraja la mwalimu mwenye miaka 57 si kumcheleweshea nyongeza. Ni kumpunguzia uzee wake wote. Mwaka 2022 kima cha chini kilipopandishwa kwa asilimia 23.3, wenye madaraja ya juu waliambulia kidogo mno, na manung'uniko ya Julai ile bado yapo.

Mshahara huo huo ndio unaoeleza kwa nini mwalimu anautazama mkupuo kwa jicho la namna yake. Kwa miaka 30 amepanga chumba au amekaa nyumba ya shule. Amenunua kiwanja, akachimba msingi, akasimamisha ukuta hadi kwenye linta, ada za watoto zikamzuia kupaua. Mwisho wa mwezi ukiwa mbali amekwenda kwa wakopeshaji wa kausha damu, akaacha kadi yake ya benki na namba ya siri. Mikopo ya nyumba ya muda mrefu, ambayo ingemwezesha kujenga akiwa na nguvu, wengi wao hawajawahi kuigusa. Mkupuo ndio mkopo wake wa nyumba, aliolipia kwanza akapewa mwisho. Ukimkata mkupuo huo, hujamfundisha nidhamu ya fedha. Umemwambia abaki mpangaji akiwa na miaka 60, na kodi atailipa kwa ile 39,000 uliyomwongezea.

Na mkupuo usipomtosha huenda benki. Zipo benki zinazowakopesha wastaafu kwa dhamana ya pensheni zao, kwa riba, na makato yanaanza mwezi unaofuata. Yaani fedha iliyozuiliwa asiifuje kwa mkupuo anaikopa kwa mkupuo, na analipia riba kukopa jasho lake mwenyewe. Hapo ndipo ulinzi wa mzee unapoishia.

Angalia pia hadithi ya kijiweni inamchagua nani. Mfujaji siku zote ni mwalimu mwanamume. Walimu wanawake waliojaa shule zetu za msingi, waliostaafu wakamalizia nyumba, wakafuga kuku, wakasomesha wajukuu, hawana hadithi, maana nyumba iliyopauliwa haichekeshi. Tunamkumbuka mmoja aliyeanguka kwa kishindo, tunawasahau wengi waliopaua kimya kimya, kisha tunatunga kanuni kwa kumtazama yule mmoja.

Tena hofu ya ufujaji ina ubaguzi wa ajabu. Ipo sheria ya mafao ya viongozi wa kisiasa, nayo pia ni ya 1999. Kwa sheria hiyo mbunge hupokea kiinua mgongo chake kila Bunge linapomaliza muhula wa miaka mitano. Hangoji miaka 30 wala hangoji kutimiza 60. Sijamsikia waziri yeyote akisimama kusema wabunge wapewe asilimia 40 na kilichobaki kigawiwe kwa mwezi, wasije wakanunua magari ya fahari wakaishia kuombaomba. Mbunge anaaminiwa na fedha nyingi mara moja kila miaka mitano. Mwalimu, aliyekokotoa bajeti ya nyumba kwa mshahara usiotosha maisha yake yote ya kazi, ndiye anayehofiwa kwamba hajui fedha.

Wala mwenendo huu si wetu peke yetu. Kenya, makubaliano ya mishahara ya walimu ya mwaka 1997 yalizaa kesi ndefu: maelfu ya walimu waliostaafu miaka iliyofuata walidai pensheni zao zikokotolewe kwa viwango vilivyokubaliwa. Mahakama Kuu ya Nakuru iliwapa ushindi mwaka 2008, na bado wakabaki wakihangaika kulipwa, wengine wakifariki bila kuiona fedha. Huko nako gharama ya pensheni haikuvimba kwa sababu mwalimu alikuwa ghali. Ilivimba kwa sababu deni lisilolipwa hujilimbikiza, na mwenye kudaiwa ndiye mwenye dola.

Mtetezi makini wa kikokotoo ana hoja moja ya kweli, na haki yake apewe. Kanuni ya zamani ilikuwa nzito. Kuzidisha kwa 15.5 na kulipa nusu papo hapo kunahitaji mfuko wenye afya nzuri sana, na wastaafu wanaoishi miaka mingi ni gharama hata pale ambapo hakuna anayedaiwa. Huenda kanuni ingehitaji kupunguzwa hata kama Hazina ingelipa kila shilingi kwa wakati. Lakini hoja hiyo ni ya hesabu, na ilipaswa kuletwa kama hesabu: mfuko una kiasi hiki, unadaiwa kiasi hiki, serikali inadaiwa kiasi hiki, tugawane maumivu. Badala yake mwalimu aliletewa mawaidha. Na maumivu hayakugawanywa. Aliyechelewesha deni alipewa muda, aliyechangia kila mwezi bila kukosa ndiye aliyekatwa. Mchango wa mwalimu hauwezi kuchelewa hata akitaka, maana hukatwa kabla mshahara haujamfikia.

Kinachotakiwa si muujiza. Mfuko utangaze kila mwaka, kwa lugha ambayo mwalimu wa Nachingwea ataielewa, serikali inadaiwa nini na imelipa nini. Mikopo ya mifuko kwa miradi ya serikali iwe na ratiba ya marejesho inayojulikana, na anayekiuka awajibike. Mwanachama achague mwenyewe, kati ya asilimia 25 na 50, kiasi anachotaka kwa mkupuo, akielezwa wazi kitakavyobadilisha pensheni yake ya mwezi, na mabadilishano hayo yawe ya haki. Anayeogopa kufuja atachagua 25. Mwenye nyumba isiyo na paa atachagua 50. Na daraja lililocheleweshwa na mwajiri lihesabiwe kwenye mafao kana kwamba lilipanda siku yake, maana kosa hilo halikuwa la mwalimu.

Chama cha Walimu nacho kiache kuitetea asilimia peke yake. Kutoka 33 hadi 40 kulishangiliwa, huku 580 na 12.5 zikibaki pale pale, na hizo mbili ndizo zilizomeza fedha nyingi bila kelele. Kiongozi wa chama anayekwenda mezani bila kuzijua namba zote tatu anakwenda kupiga picha.

Siku waziri mwingine atakapoingia bungeni na kikokotoo kingine, aulizwe swali moja kabla ya makofi: Hazina inadaiwa kiasi gani na mfuko leo, na italipa lini? Asipokuwa na tarakimu na tarehe, akae chini, na wabunge waiahirishe hoja mpaka azilete.