Kusawazisha Mlinganyo si Mchezo wa Tarakimu

Miongoni mwa mambo yanayowasumbua wanafunzi wa kemia katika shule zetu za sekondari ni kusawazisha milinganyo ya mabadilishano maradufu, yaani mimenyuko ambamo kampaundi mbili hubadilishana ayoni zake. Wengi hudhani kwamba taabu hii yatokana na udhaifu wa hesabu. Mimi siafiki. Hesabu inayotakiwa hapa ni ya mtoto wa darasa la nne; kinachokosekana ni kufahamu tarakimu hizo zinahesabu nini.

Tuchukue mfano wa maji ya kunywa. Mitambo mingi ya kusafishia maji hutumia salfeti ya alumini, iliyo jamaa ya shabu tuijuayo majumbani, na mara nyingi huongezewa chokaa iliyozimwa. Vikikutana majini hutokea haidroksaidi ya alumini, mashapo meupe yenye ute, ambayo hunasa chembe za udongo na kutuama nazo. Mwanafunzi huandika:

Al₂(SO₄)₃ + Ca(OH)₂ → AlOH + CaSO₄

Aonapo pande mbili hazilingani, hupachika 2 hapa, akafuta 3 pale, hata ndani ya fomula yenyewe, mpaka hesabu ikubali. Lakini tarakimu ndogo za ndani ya fomula hazimo katika mamlaka ya anayesawazisha. Zimekwisha kuamuliwa na chaji za ayoni. Alumini ina chaji 3+, haidroksaidi ina 1−. Basi haidroksaidi ya alumini ni Al(OH)₃, wala haina namna nyingine. Anayegeuza H₂O kuwa H₂O₂ ili oksijeni zitimie hajasawazisha maji, bali ameandika kitu kingine kisichonyweka.

Fomula zikiisha kuwa sahihi, kazi iliyobaki ni nyepesi, hasa mwanafunzi akihesabu SO₄ na OH kama vifurushi visivyofunguliwa:

Al₂(SO₄)₃ + 3Ca(OH)₂ → 2Al(OH)₃ + 3CaSO₄

Sasa tarakimu zinasema jambo. Gramu 342 za salfeti ya alumini zahitaji gramu 222 za chokaa, jumla 564; upande wa pili tunapata 156 na 408, jumla ile ile 564, kama Lavoisier alivyofundisha katika kitabu chake cha mwaka 1789. Fundi akiufuata mlinganyo wa yule mwanafunzi atatia gramu 74 tu za chokaa, yaani theluthi moja. Ikiwa maji yenyewe hayana bikaboneti ya asili ya kusaidia, alumini nyingi itabaki imeyeyuka, na maji yatakuwa na asidi.

Liko kosa jingine, na hili ni letu walimu kuliko la wanafunzi. Tazama:

NaCl + KNO₃ → NaNO₃ + KCl

Mlinganyo huu umesawazika pasipo kasoro, ila miyeyusho hiyo miwili ikichanganywa hakuna kinachotokea. Ayoni zote nne zinaendelea kuelea majini kama mwanzo. Hata hivyo, mazoezi ya namna hii hutolewa, na alama zote hupewa! Mmenyuko wa kweli huhitaji sababu: mashapo yatuame, gesi itoke, au maji yaundike.

Kwa hiyo napendekeza somo lianzie kwenye glasi, si ubaoni. Shule isiyo na maabara yaweza kuchuja maji ya chokaa hata yawe maangavu, kisha kuyatilia magadi yaliyoyeyushwa na kuchujwa vilevile. Papo hapo mchanganyiko huwa mweupe kama maziwa, kwa sababu kaboneti ya kalsiamu imeundika. (Mikono isitiwe humo, kwani kinachobaki kimeyeyuka ni magadi makali, NaOH.) Mwanafunzi aulizwe kwanza ule weupe ni kitu gani, kisha fomula yake, ndipo asawazishe. Katika mitihani nayo, alama zitolewe kwa utaratibu huo huo, na atakayeandika kwamba hakuna mmenyuko, pale ambapo kweli haupo, apewe alama zake kamili.