Kumbukumbu Isiyokumbuka

Malenga wenzangu na wapenzi wa lugha, leo nitaviacha kidogo vina na mizani, nizungumzie neno moja la Kiswahili sanifu lililonigharimu mashairi 40 na ushei. Neno lenyewe ni kumbukumbu, kwa maana lililopewa katika istilahi za kompyuta.

Kisa ni kifupi. Kompyuta yangu mpakato ilianza uzito. Kufungua faili moja kulinipa muda wa kuchemsha chai na kuinywa. Nikapanda daladala kutoka Mbagala Rangi Tatu hadi Kariakoo, nikaingia duka mojawapo, nikasema kwa Kiswahili changu cha chuo cha ualimu: "Kijana wangu, mashine imechoka, niongezee kumbukumbu." Muuzaji alinikodolea macho, kisha akang'amua: "Aa, mzee unataka memori!" Nikalipa shilingi 40,000, akaichomeka palepale, nikarudi nyumbani nimeridhika. Baada ya wiki mbili mashine ikawa inawaka lakini haifungui chochote. Diski ndiyo iliyokuwa mgonjwa tangu mwanzo, na mashairi niliyoyachapa kwa miaka sita yalikuwa humo, bila nakala kwingine. Muuzaji simlaumu. Alinipa nilichoomba.

Aliyenifumbua macho ni fundi mmoja wa Tandika, kijana wa umri wa wajukuu zangu, mwenye meza iliyosongwa na mizoga ya kompyuta. Aliniamkia, akasikiliza, kisha akasema: "Mwalimu, ramu ni ubao wako wa darasani. Kazi ya kipindi hiki inaandikwa pale; kipindi kikiisha, ubao unafutwa. Diski ndiyo daftari. Wewe umenunuliwa ubao mkubwa, na daftari lilikuwa linaliwa na mchwa."

Nilifundisha Kiswahili zaidi ya miaka 30 na sikuwahi kusikia istilahi ikifafanuliwa vizuri namna hiyo.

Sasa tulitazame neno letu. Kwetu sisi, kumbukumbu ni kitu cha kudumu. Tuna kumbukumbu za kikao, kumbukumbu za Bunge, na kitabu cha tano cha Biblia kinaitwa Kumbukumbu la Torati. Mtu akiweka kumbukumbu, ameweka ili kesho na keshokutwa isomwe. Halafu tukalichukua neno hilo lenye heshima zake tukalivika kipande kile ambacho umeme ukikatika husahau kila kitu! Mswahili anayesikia kumbukumbu ya kompyuta atadhani, na ana haki ya kudhani, kwamba ndimo kazi yake inamokaa. Istilahi hii ilizaliwa kwa kulitazama neno la Kiingereza badala ya kukitazama kifaa na kuuliza kinafanya nini.

Mtaa nao haujasalimika. Kariakoo neno memori hutumika kwa ramu, kwa kikadi cha simu, na wengine hulitumia hata kwa diski. Neno moja kwa vitu vitatu, na mfuko unaotoboka ni wa mnunuzi.

Pendekezo langu litawaudhi baadhi yenu, maana nami zamani lingeniudhi. Tuseme ramu, na tuseme diski. Najua mtanijibu kwamba ramu katika kamusi zetu ni kileo kitokanacho na miwa. Ni kweli, na paa ni mnyama, ni sehemu ya juu ya nyumba, na ni kitendo cha kwenda angani, wala hatujawahi kumwinda paa wa nyumba. Muktadha hutenganisha. Kama tatizo ni utohozi, basi tuanze na jina la Kariakoo penyewe, lililotokana na Kiingereza cha kikosi cha wapagazi wa Vita ya Kwanza ya Dunia, au na meza tuliyopewa na Wareno. Lakini anayetaka neno la asili kwa kazi ya diski ameshalipata: hifadhi. Tayari tunaambiana tuhifadhi faili, na Mwislamu wa pwani aliyehifadhi juzuu anajua kuwa kuhifadhi ni kuweka pasipofutika. Kama ningekuwa nimelizoea neno hilo, pale dukani ningeuliza, "Hifadhi yangu ni nzima?" na huenda kijana angeipima.

Sisi wa rika langu tulichelewa kuzijua mashine hizi. Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini mwaka 1974, na nilipozikuta nilikuwa mtu mzima. Tulipozikuta, tukatumia miaka kubishana kama ni kompyuta, tarakilishi au ngamizi, mabishano juu ya jina la sanduku. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, tukayashangilia maneno ya kwenye kioo. Ya ndani ya sanduku yamebaki yatima, yanalelewa na mafundi.

Basi kwa mshairi anayekwenda sokoni kesho, haya niliyojifunza kwa hasara. Ukitaka ramu, mwombe fundi aichomoe ya zamani uende nayo mkononi. Ya kompyuta mpakato ni fupi, ya kompyuta ya mezani ni ndefu. DDR3 na DDR4 zina pengo mahali tofauti na haziingiliani hata ukilazimisha. Ramu iliyotumika haina ubaya, kwani huchakaa kwa nadra, na kwa mafundi wa Tandika au Manzese wanaouza spea za mashine zilizokufa mara nyingi utaipata kwa bei ya chini kuliko kwenye maduka yenye vioo. Diski na betri ni habari nyingine, hizo huzeeka. Ukishawishiwa diski ya mtumba, mwambie fundi aichomeke akusomee saa ilizofanya kazi, kwa sababu diski hujiwekea hesabu hiyo yenyewe. Kama mfuko unaruhusu, nunua SSD mpya, ile isiyo na kinachozunguka ndani. Kwenye mashine iliyokuwa na diski ya kuzunguka, itaongeza kasi kuliko ramu niliyoinunua mimi.

Na wanaokaa vikao vya istilahi, wamwalike fundi mmoja na bisibisi yake, aufungue mfuniko kabla neno halijapitishwa.

Mashairi 19 nimeyapata kwenye madaftari ya zamani, mengine mawili mke wangu aliyajua kwa moyo. Nimeanza kuyachapa upya kwenye diski mpya, na kila Ijumaa jioni nayanakili kwenye fleshi ninayoiweka kabatini, pamoja na hati ya kiwanja.