Wembe ni Amana, Mkono Uwe Mwepesi



Sifa njema zote zinamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyetuneemesha kwa dini isiyoacha jambo, kubwa wala dogo, hata kukata ukucha na kuondoa unywele. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake.

Ndugu zetu wasomaji, na hasa mama zetu na dada zetu, wiki hii tumekusudia kukizungumzia kifaa kidogo kilichomo katika karibu kila nyumba, nacho ni wembe. Tumepata kuulizwa kuhusu wembe wa namna moja ya kale. Mwengine ameukuta katika sanduku la marehemu babu yake aliyekuwa baharia, mwengine ametumiwa na jamaa aliye ughaibuni. Wauliza: Je, wembe huu hutumiwaje hata ukanyoa pakawa laini, pasiwe na mikato wala vipele? Na je, yafaa nyumba nzima iutumie?

Tuanze kwa kuujua wembe wenyewe. Zama za wazee wetu kinyozi alikuwa na wembe wa kukunja, akiunoa kwa jiwe na kwa ukanda wa ngozi. Mwaka 1904 Mmarekani aitwaye King Camp Gillette alipata hataza ya wembe mwembamba wa makali mawili, unaotumiwa ukaisha ukatupwa. Kisha katika miaka ya 1920 akatokea mwanajeshi wa Marekani, Jacob Schick, aliyetazama namna bunduki inavyojipakia risasi moja baada ya nyingine, akatengeneza wembe unaobadilishwa kwa mfano huo huo. Nyembe zake ni fupi na nyembamba kwa upana, zina makali upande mmoja tu, na chuma chake ni kinene zaidi ya kile cha wembe wa makali mawili. Hukaa zimepangwa ndani ya kibweta cha chuma. Ncha ya kibweta huingizwa ubavuni mwa kichwa cha mpini, kitelezi husukumwa mara moja hadi mwisho, wembe mpya ukaingia na wa zamani ukatokea upande wa pili. Kwa hivyo umeitwa wembe wa injekta. Vidole havigusi makali asilani.

Hapa tueleze kwamba hatuzungumzii kunyoa ndevu. Ndevu tumeamrishwa kuziacha zikue, na hukumu yake mnaijua. Tunazungumzia kichwa cha aliyemaliza Hija au Umra, kichwa cha mtoto mchanga, na zile nywele ambazo Mtume, rehema na amani zimshukie, alizitaja katika mambo ya maumbile, yaani fitra. Kuziondoa ni usafi, na usafi kwetu ni ibada. Anas bin Malik, Mungu amridhie, amepokea kwamba waliwekewa muda katika kupunguza masharubu, kukata kucha, kunyonyoa makwapa na kunyoa kinena, wasiache zaidi ya masiku 40.

Sasa tuje kwenye kunyoa kwenyewe. Wahenga wetu walisema kwamba mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Mithali hii twaitumia kwa maonyo, lakini ndani yake mna somo la kwanza la kinyozi. Unywele mkavu ni mgumu. Ukirowa kwa maji ya vuguvugu kwa dakika chache hulainika na kukatika kwa urahisi. Aghalabu mikato hutokana na kunyoa nywele kavu, ilhali lawama zote huangukia wembe. Basi oga kwanza, au funika mahali hapo kwa kitambaa kilichochovywa maji ya moto yasiyounguza. Kisha paka sabuni uifanye povu zito. Povu jepesi hukauka kabla mkono haujamaliza kazi. Nywele zikiwa ndefu, zipunguze kwa mkasi kabla ya wembe kufika.

La pili ni mkono mwepesi. Wembe wa injekta una kichwa kidogo na chuma kigumu kisichopindika, kwa hivyo hauhitaji kukandamizwa. Kichwa chake kikae bapa juu ya ngozi, mpini ukiwa umelala, wala usisimame wima. Kisha uache uzito wa wembe wenyewe ufanye kazi. Mkono wa pili uivute ngozi taratibu ili inyooke, kwa kuwa makunyanzi ndiyo yanayokatwa. Pita kwa mikato mifupi, usuuze wembe kila baada ya mikato miwili mitatu, na usirudie mahali ambapo povu limekwisha bila ya kupaka tena.

La tatu ni kufuata mlalo wa nywele. Kabla ya kupaka sabuni, pitisha kiganja uone zinalalia wapi. Kichwani hazilali upande mmoja. Utosini huzunguka kama maji ya kisima yanapokorogwa, na kisogoni huelekea chini au ubavuni. Mara ya kwanza nyoa kwa kufuata mlalo. Ukitaka palainike zaidi, paka povu upya unyoe kwa kukingama. Kunyoa kinyume cha mlalo hakumfai kila mtu, na wengi wetu nywele zetu ni za kujikunja. Ukizikata chini mno, ncha hurudi ndani ya ngozi zikazaa vipele, na hasa kisogoni na kinenani. Ulaini wa siku moja usiuguze ngozi wiki nzima.

Ukimaliza, suuza kwa maji baridi na ukaushe kwa kugusagusa, usisugue. Pakitoka damu kidogo, jiwe la shabu lililoroweshwa huizuia, nalo pia liwe la mtu mmoja. Kisha paka mafuta ya nazi kidogo. Wembe nao usuuzwe, ukung'utwe maji na uwekwe pakavu, kwani hewa yetu ya pwani ina chumvi na unyevu, na chuma hakina subira navyo. Ukianza kuvuta nywele badala ya kuzikata, umekwisha. Sukuma mpya.

Wenye wembe wa dukani wa makali mawili wasidhani tumewasahau. Maji, mkono mwepesi na mlalo wa nywele havibagui wembe. Tofauti ni kwamba ule ni mwembamba na hupindika, na kuubadilisha kunahitaji vidole. Ushike kwa ncha zake mbili fupi, usiushike makalini.

Tumefika kwenye swali la pili, nalo ndilo lililotutia kalamu mkononi: je, yafaa nyumba nzima itumie wembe mmoja? Jawabu ni la, haifai. Mpini waweza kuwa mmoja ukioshwa na kusafishwa kwa spiriti, japo kila mtu kuwa na wake ni bora. Lakini wembe wenyewe ni wa mtu mmoja, hata kama wengine ni mume na mke, hata kama ni ndugu wa tumbo moja. Wembe hukwaruza ngozi hata pale ambapo jicho halioni damu. Wajuzi wa tiba wanatufundisha kwamba virusi vya homa ya ini aina ya B vyaweza kubaki hai nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, na kwamba damu chache mno isiyoonekana yatosha kumwambukiza mtu. Basi ule wembe wa dirishani, ambao baba aliutumia Ijumaa na kijana akauchukua Jumatatu, si wa kuaminiwa hata uking'aa.

Na hapa tuseme lisilosemwa. Wako dada zetu ambao huona haya kumwambia mume au dukani kwamba wahitaji wembe wao. Kwa hivyo huokota ule uliokwisha kutupwa na mwanamume, butu na wenye kutu, wakautumia mahali ambapo ngozi ni laini kuliko pote. Kisha hupata majipu na maumivu, nayo pia wakayanyamazia. Bi Aisha, Mungu amridhie, aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kujifunza dini yao. Kujisafisha ni katika dini. Ewe mume, unaponunua nyembe zako, nunua na za ahali yako usingoje kuombwa. Ewe mama, mfunze binti yako aliyebaleghe mambo haya kabla hajafunzwa na mwengine. Na anayeona wembe haumpendezi, wanavyuoni wetu wameruhusu pia kunyonyoa na kutumia dawa ya kuondolea nywele. Makusudio ni usafi, na njia ni nyingi.

Mtoto mchanga ana haki zaidi ya hao wote. Sunna ni anyolewe siku ya saba pamoja na akika, na itolewe sadaka ya fedha kwa uzani wa nywele zake. Nyumba nyingi za kwetu hungoja arubaini. Kwa vyovyote vile, fikirini hesabu hii. Chanjo ya pamoja yenye kinga ya homa ya ini B hutolewa hapa nchini mtoto anapotimiza wiki 6, kisha 10, kisha 14. Siku ya saba na siku ya arubaini zote huja kabla ya wiki hizo 6 kutimia. Mtoto yuko wazi, hana ngao, na anayemnyoa aja na wembe aliomnyolea nani? Mama na nyanya wa mtoto, msione vibaya kumuuliza, hata akiwa mzee wa kuheshimiwa. Wembe utolewe mpya mbele ya macho yenu.

Mtoto na anyonyeshwe kwanza ashibe, akisinzia ndiyo vyema. Kichwa kiroweshwe kwa maji ya vuguvugu, mmoja amshike na mwengine anyoe. Pale utosini ambapo mfupa haujakutana na pachezacheza kwa mapigo ya moyo, mkono usikandamize hata kidogo. Akiwa na vidonda au homa, aahirishiwe. Kinyolewe kichwa chote, kwani kunyoa sehemu na kuacha sehemu, kama kukata denge, kumekatazwa kwa mkubwa na mdogo. Na nywele zikaushwe kabla ya kupelekwa kwa sonara kupimwa, msije mkatoa sadaka kwa uzani wa maji, ingawa kuzidisha sadaka hakuna hasara.

Kwa wanaokwenda Umra, mwanamume anyolewe au apunguze, na kunyoa kuna fadhila zaidi. Mwanamke hanyoi, hupunguza nchani kadiri ya pingili ya kidole. Atakayenyolewa huko aende kwa kinyozi mwenye idhini na ahakikishe wembe ni mpya. Na mwenye kukusudia kuchinja udh-hiya aache nywele na kucha zake tangu kuandama mwezi wa Mfunguo Tatu mpaka achinje. Ama damu ya mkato, katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi haitengui udhu. Ioshe ukasali.

Limebaki jambo la watoto wakubwa. Kuna mithali isemayo kwamba mtoto akililia wembe apewe. Makusudio yake twayajua, lakini nyumbani mwenye akili hampi. Vibweta vingi vya nyembe za injekta vina mwanya nyuma wa kutilia zilizokwisha, na huo ni wema mkubwa. Asiye navyo atoboe mwanya katika kopo la bati, alijaze, alizibe ndipo alitupe. Wembe uliotupwa ovyo katika taka humngoja mtoto, au yule maskini anayechakura jaa kwa mikono mitupu.

Tuhitimishe kwa kisa kilichopokewa na Bukhari. Sahaba Khubayb bin Adiyy alitekwa, akauzwa Makka kwa watu waliotaka kumuua kulipiza kisasi. Siku zake zilipokaribia kwisha, aliazima wembe kwa mmoja wa mabinti wa al-Harith ili ajisafishe. Mwanamke yule alighafilika, mtoto wake mdogo akatambaa mpaka kwa mfungwa. Alipogeuka alimkuta mwanawe amekaa pajani mwa Khubayb, na wembe u mkononi mwake. Akaingiwa na hofu iliyomdhihiri usoni. Khubayb akamuuliza kama anachelea kwamba atamuua mtoto, akamhakikishia kwamba hangefanya hivyo. Baadaye mwanamke huyo alikiri kwamba hajapata kuona mateka bora kuliko Khubayb. Wakamtoa wakamuulia Tan'im, mahali ambapo leo mahujaji wetu huenda kuhirimia Umra.

Tazameni, ndugu zetu. Mtu anasubiri kifo na bado anataka akutane na Mola wake akiwa safi. Ana wembe mkononi na mtoto wa adui pajani, na mtoto yule yu salama kuliko katika mikono mingine mingi. Alijua kwamba aliyepewa wembe amepewa amana. Nasi tunaonyoa watoto wetu wenyewe, tunaoishi na wake zetu na ndugu zetu, tuna udhuru gani wa kuwajeruhi kwa uzembe wa wembe wa shilingi chache?

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie usafi wa miili na wa nyoyo, na atulindie vizazi vyetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.