Tuhasi, Tusiue: Ilani ya Kibaha na Kisarawe

Sisi wakazi wa Kibaha na Kisarawe, wakulima, waendesha bodaboda, walimu, mama lishe na wataalamu wachache wa mifugo, tumechoka kukuta watoto wa mbwa wametupwa ndani ya viroba kando ya Barabara ya Morogoro. Tumechoka pia na dawa iliyozoeleka ya tatizo hilo, yaani risasi au nyama iliyotiwa sumu. Leo tunaanzisha harakati ya kuhasi mbwa na paka katika maeneo yetu haya mawili. Jina bado hatujakubaliana, na hatuoni haja ya kulisubiri.

Tuanze na lile ambalo wengi hawapendi kulisikia. Mbwa anayezurura Mailimoja usiku akigombea mifupa nyuma ya bucha, kwa kawaida ana mwenyewe. Utafiti uliofanywa mjini Iringa na kuchapishwa mwaka 2012 ulikuta kwamba mbwa wasio na mtu kabisa walikuwa kama asilimia 1 tu ya mbwa waliokuwa wakizurura. Sisi tunaamini huku kwetu hali haiko mbali na hiyo. Mbwa huyu aliletwa kulinda saiti Visiga. Nyumba ikaisha, mlinzi akalipwa akaondoka, mbwa akabaki. Yule mwingine ni wa shamba la mihogo Maneromango: usiku anafukuza nguruwe pori, mchana anajitafutia riziki. Tunapowalaani mbwa koko, basi, tunawasema majirani zetu, na mara nyingine tunajisema wenyewe.

Mbwa jike hubeba mimba siku 63 hivi, na kwa kawaida hupata joto mara mbili kwa mwaka. Paka ana kasi zaidi: anaweza kushika mimba akiwa na miezi mitano, wakati nyumbani bado anaitwa mtoto. Wengi wa wanaozaliwa hivyo hawafiki utu uzima. Wanamalizwa na njaa, minyoo, upele na magurudumu ya malori. Mbwa wakubwa nao wana balaa lao ambalo watu wachache wanalijua, nalo ni saratani ya sehemu za siri inayohama kutoka mbwa hadi mbwa wakati wa kupandana. Ukimwona mbwa anadondokwa na damu wiki baada ya wiki, usiseme ni joto tu. Huenda anaoza akiwa hai.

Kuua hakujasaidia popote. Shirika la Afya Duniani lilishatamka kwamba hakuna ushahidi kuwa kuondoa mbwa kumewahi kupunguza kwa kiasi cha maana idadi yao au kuenea kwa kichaa cha mbwa. Katika kisiwa cha Flores, Indonesia, kichaa kilipoingia mwaka 1997 mbwa waliuawa kwa maelfu, na ugonjwa ukabaki. Sababu yake haihitaji digrii: jalala lipo palepale na chakula kipo. Waliosalia wanazaa, na wengine wanahamia.

Hatutamdanganya mtu kwamba kuhasi peke yake kunazuia kichaa cha mbwa. Kinachozuia ni chanjo. Mkoa wetu wa Pwani ulikuwa ndani ya mradi mkubwa wa chanjo ya mbwa uliofanyika kusini mashariki mwa nchi kuanzia mwaka 2010, pamoja na Dar es Salaam, Morogoro, Lindi, Mtwara na Pemba, kwa hiyo wazee wa vijiji wanakumbuka mistari ile ya watoto na mbwa wao wakiwa na kamba shingoni. Lengo ni kufikia asilimia 70 ya mbwa. Lakini chanjo huyeyuka haraka pale ambapo waliochanjwa wanakufa na nafasi zao zinachukuliwa na watoto wasiochanjwa. Hapo ndipo kuhasi kunapoingia. Kila mnyama tutakayempasua atachanjwa siku hiyohiyo, na ncha ndogo ya sikio itakatwa akiwa bado amelala, iwe alama ili asikamatwe tena bure.

Tutaanza na majike. Dume mmoja asiyehasiwa anatosha kuzalisha mtaa mzima, kwa hiyo kuhesabu madume waliohasiwa ni kujipamba tu. Na tunasema kwa sauti: mbwa hahasiwi kwa koleo la burdizo kama ndama wa Mlandizi, wala kwa wembe huku vijana wanne wamemkalia. Ni kazi ya daktari wa mifugo aliyesajiliwa, kwa dawa ya usingizi na dawa ya maumivu. Kinyume cha hapo ni ukatili, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inaukataza.

Wapo watakaouliza kuhusu dini, na wana haki ya kuuliza. Wanazuoni wametofautiana juu ya kuhasi. Wanaoruhusu wanatazama manufaa na wepesi wa madhara. Tutakaa na masheikh wa Kisarawe kabla ya kushika kisu, wala hatutawapita kwa mlango wa nyuma. Ila unajisi wa mate ya mbwa haujawahi kuwa ruhusa ya kumtesa. Muumini anakijua kisa cha mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu, na cha mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka hadi akafa.

Halmashauri zetu tunaziomba zisitishe upigaji risasi, na fedha ya risasi inunue dawa ya usingizi. Chuo Kikuu cha Sokoine, ambacho kiko Morogoro kwa barabara hiihii, tunakiomba wanafunzi wa mwaka wa mwisho na walimu wa kuwasimamia. Kibaha ndiko serikali inakotengeneza chanjo za mifugo. Ni aibu mbwa wa hapahapa kufa kama takataka. Wenye mabucha na mabanda ya chipsi wafunike mabaki yao.

Nawe mwenye jike nyumbani, usingoje azae ndipo utafute kiroba. Mfunge kamba, mwambie mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji aliandike jina lako, na umlete.