Gari la Mchanga Lililoliwa na Kutu



Mwaka 1964, huko Newport Beach katika jimbo la California, Marekani, fundi wa mashua jina lake Bruce Meyers alitengeneza gari jepesi la kupita juu ya mchanga wa pwani. Mwili wake aliufanya kwa nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi ngumu, kama alivyozoea kufanya mashua. Magari yaliyofuata yaliwekwa juu ya sakafu ya Volkswagen, ile yenye mgongo kama wa kobe. Sakafu ilikatwa na kuungwa tena, hata nafasi kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ikapungua toka sentimeta 240 mpaka 204 hivi. Gari hilo likaitwa Meyers Manx, na mafundi wengi wakaliiga.

Hata leo baba wa nyumba aweza kununua gari la namna hiyo lililozeeka, akalitengeneza uani mwake pamoja na wanawe. Lakini fedha zake ni chache. Je, aanzie wapi?

Wengi huanza na rangi, nao hupotea. Mwili wa nyuzi za kioo hauli kutu kamwe. Waweza kung'aa kama kijana, na huku chuma kinachoubeba kimekwisha kuoza. Kutu huzaliwa pale chuma kinapokutana na maji na hewa, na chumvi ya bahari huiharakisha. Tena katika Volkswagen hiyo betri hukaa nyuma upande wa kuume, juu ya sakafu yenyewe, na tindikali ikidondoka hula chuma polepole. Viti navyo vimefungwa katika sakafu hiyo hiyo. Sakafu ikivunjika, aliyeketi hana kitu cha kumshika.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa hata senti moja, tulale chini tutazame. Tugonge sakafu kwa nyundo ndogo: chuma kizima hulia, kilichooza hujibu kwa sauti nzito. Tuchome kwa bisibisi palipovimba rangi. Ikipenya, hapo pahitaji chuma kipya, wala si rangi. Lakini gari lisishikwe na jeki peke yake. Liwekwe juu ya vigingi imara vya chuma, maana jeki huteleza na kuua.

Sasa tugawe kazi. Ile itakayo muda tu, tuifanye wenyewe: kufungua misumari ya parafujo, kusugua kutu kwa burashi ya waya na msasa, kupaka dawa ya tindikali ya fosfori ibadilishayo kutu iliyobaki, kisha rangi ya kuzuia kutu. Tukisugua mwili wa gari, tufunike pua na mdomo, tuvae na glavu, kwa kuwa vumbi la kioo hudhuru mapafu na kuwasha ngozi. Kazi ya kuunga sakafu kwa moto tumpe fundi aijuaye. Kwanza betri na tangi la petroli viondolewe. Tukimpelekea gari lililokwisha kufunguliwa na kusafishwa, saa zake zitakuwa chache, na malipo vilevile.

Baada ya sakafu zifuate breki. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na hivyo kutu huingia ndani ya mabomba pasipo kuonekana. Mipira iliyozeeka ibadilishwe yote, isichaguliwe mmoja mmoja. Kisha mipira ya petroli nayo, kwa sababu ikipasuka karibu na mashine yenye moto, gari zima litateketea. Vipande hivi si ghali. Volkswagen hizo zilitengenezwa zaidi ya milioni 21, za mwisho huko Mexico mwaka 2003, na vipuri vyake vyaendelea kuuzwa.

Rangi na viti vizuri vije mwisho, kama fedha zimesalia. Zisiposalia, gari laweza kwenda likiwa na mabaka. Na ikiwa sakafu na breki zapita mkoba wetu, tungoje mwaka mwingine, gari likae pakavu.

Twashauri tena kuwe na daftari. Kila kitu kinunuliwacho kiandikwe pamoja na bei yake, naye mama wa nyumba alisome. Kazi kama hii haiharibu mkoba kwa gharama moja kubwa. Huuharibu kwa gharama ndogo ndogo zisizohesabiwa, na karo ya shule huishia humo.

Jirani apitaye atasifu rangi. Mtoto aketiye ndani hana habari ya sakafu wala breki. Amemwachia baba yake kuzijua. Basi, ndugu, anza chini.